Mifumo Ilisomana, Katoni Hazikusomana

Siku tulipounganisha programu ya stoo na ile ya uhasibu, kijana wa IT alishangilia: mifumo inasomana! Kufika saa sita mchana, watu wa mauzo walikuwa wanawaambia wateja wa Kariakoo kwamba sabuni zinakaribia kwisha. Stoo kulikuwa na katoni 310, kila moja ina vipande 24. Uhasibu ulipokea namba 310 ukaisoma kama vipande. Vipande 7,130 vikayeyuka bila mwizi.

Kijana hakukosea. Sisi ndio hatukuwahi kukaa tukakubaliana tunahesabu nini. Stoo kipa alihesabu katoni, mhasibu vipande, muuzaji dazeni, na kila mmoja alikuwa sahihi kwenye daftari lake. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi ya kuunganisha mifumo, waite watatu hao chumba kimoja, orodha ya bidhaa zote ikiwa mezani. Kipimo cha msingi kiwe kile kidogo kabisa mnachouza; dazeni na katoni zihesabiwe kutokana nacho. Majina nayo myafyeke, maana sabuni moja kwetu ilikuwa na majina matatu. Tulidhani bakodi, ile alama ya mistari ya kuskani, itatuokoa, kumbe ya kwenye kipande si ile ya kwenye katoni. Ziingizwe zote mbili, zielekee bidhaa ileile. Zoezi hilo lilitula siku tisa. Kuunganisha kwenyewe, siku mbili.

Halafu kila taarifa iwe na mwenyewe. Idadi ni ya stoo, bei ni ya uhasibu. Upande wa pili usome tu, usibadilishe. Sisi tuliruhusu pande zote ziandike bei, upande mmoja ikiwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mwingine bila. Mzigo uleule ukatoka kwenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa 11,800 leo, kesho 10,000. Mteja wa jumla hasahau kitu kama hicho.

Swali moja la kumuuliza fundi: mtandao ukikatika oda ikiwa njiani kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, ikatumwa tena, itakuwaje? Akikujibu "haitatokea," tafuta mwingine. Kila oda iwe na namba yake, na mfumo unaopokea uikatae namba uliyokwisha kuiona. Bila hivyo utapakia mzigo mara mbili kwa mteja aliyelipa mara moja.

Na usiwashe mfumo mpya karibu na tarehe 20, mhasibu anapohangaika na ritani, yaani taarifa ya VAT ya kuwasilisha. Atakuchukia, tena kwa haki.

Daftari la zamani tuliliacha liende sambamba na mfumo mwezi mzima. Hadi leo, kabla ya kufungua mlango, stoo kipa huchagua bidhaa kumi, akazihesabu kwa mkono, akalinganisha na mfumo. Wiki iliyopita mchele ulipungua kilo 50. Tulikagua programu nusu siku, hadi mpagazi mmoja akatuonyesha gunia lililopasuka nyuma ya mlango.