Watoto wa lugha tofauti, sebule moja: kwa nini nawawekea kondoo Shaun

Likizo ya Desemba nyumba yetu ya Magomeni inajaa hadi ukumbini. Watoto wa kaka yangu wanakuja kutoka Muscat, Kiarabu chao kimenyooka lakini Kiswahili ni cha kuamkia na kuomba chakula. Wa dada yangu wanashuka kutoka Lushoto na Kiswahili chao cha kusimulia, Kiingereza ni kile cha kwenye daftari. Wangu wako katikati. Mkubwa kati yao wote keshaanza kuota ndevu, mdogo bado analala mchana. Wote wanataka katuni, na karibu kila katuni unayoweka inamwacha mtu nje.

Kama nawe una nyumba ya namna hii, nakushauri utafute filamu ya kondoo Shaun, ile ya mwaka 2015, inayoitwa Shaun the Sheep Movie. Imetokana na kipindi cha televisheni cha studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, na kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna anayezungumza. Wanyama wanalia milio yao, binadamu wananung'unika na kuguna, basi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tumezoea filamu ya nje kuwa na sauti ya mtafsiri inayopita juu ya waigizaji. Hapa mtafsiri hana kazi. Hata ukiangukia nakala yenye jalada la Kijerumani, inunue tu.

Filamu nyingi zilizotoka kwenye vipindi vya katuni zinategemea mdomo. Chukua PAW Patrol ya mwaka 2021, wale mbwa wa uokoaji. Watoto wanaipenda, na sehemu ya mbwa polisi Chase kuogopa kurudi mjini alikotelekezwa akiwa mdogo imetengenezwa vizuri. Lakini maneno ni mengi mno, na asiyejua Kiingereza anabaki kutazama magari. Halafu kampuni iliyo nyuma yake, Spin Master ya Kanada, ni kampuni ya kuuza midoli. Jiandae kuombwa gari la kila mbwa kabla filamu haijaisha.

Turudi kwa Shaun. Alionekana kwanza mwaka 1995 katika filamu fupi ya Nick Park, akapata kipindi chake mwaka 2007. Kila kisa cha kipindi ni dakika 7 hivi, filamu ni dakika 85. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kisa kuanza na kwisha kabla uji haujapoa. Ndiyo maana nashauri uwawekee visa vichache vya kipindi siku mbili tatu kabla. Si kwamba filamu haieleweki bila hivyo. Ni kwamba mapenzi ya mtoto kwa Mwenye Shamba, yule bwana mwenye miwani ambaye haoni wala hajui kinachoendelea nyuma ya mgongo wake, yanajengwa na visa vile vifupi. Chagua vyenye mbwa Bitzer na filimbi yake, vyenye Timmy mwanakondoo, na vyenye wale nguruwe wachokozi.

Ndiyo, nguruwe wamo. Kwenye filamu wanavamia nyumba ya Mwenye Shamba na kuigeuza ukumbi wa sherehe. Nyumba yetu ni ya Kiislamu na sioni tatizo, lakini wifi yangu nilimwambia mapema, na nakushauri nawe umwambie mzazi mwenzio kabla watoto wa watu hawajakaa kwenye mkeka. Utani wa kujamba na kucheua upo pia. Uingereza filamu hii imeruhusiwa kwa watoto wa rika zote.

Sasa jambo ambalo hutaliona kwenye jalada. Filamu haina maneno, lakini ina desturi, na desturi za Uingereza si za Magomeni. Kuna mambo mawili ambayo usipowaeleza watoto kabla ya kubonyeza, nusu ya kichekesho itawapita.

La kwanza ni usingizi. Wazungu wana mazoea kwamba mtu akikosa usingizi ahesabu kondoo wanaoruka uzio, mmoja baada ya mwingine, mpaka alale. Kisa kizima kimesimama hapo. Shaun amechoka na ratiba ya shamba, kila siku yaleyale, hivyo kondoo wanaruka uzio mbele ya Mwenye Shamba, yeye anawahesabu, anasinzia, wanamficha ndani ya nyumba ya magurudumu. Nyumba ile inaserereka mteremkoni mpaka mjini. Mwenye Shamba anagonga kichwa na kusahau yeye ni nani. Mtoto asiyejua habari ya kuhesabu kondoo anaona wanyama wanaruka na mtu anaanguka, anadhani amerogwa. (Mpwa wangu wa Lushoto alisema hivyo wazi, na kwa alichokiona ana haki.) Mbinu hiyo inarudi tena baadaye, kwa hiyo sentensi moja ya maelezo inakulipa mara mbili.

La pili ni manyoya. Kondoo watoto wetu wanaowajua ni wa nywele fupi, wale wa Kimasai wenye mkia wa mafuta. Hakuna anayewanyoa. Waeleze kwamba kondoo wa kule wanaota sufu nene na lazima wanyolewe kwa mashine, na kwamba mkono wa mwenye shamba unaijua mashine hiyo hata kichwa kikisahau. Ndipo watakapocheka kwa akili pale bwana yule, bila kumbukumbu, anapoingia saluni, akamshika mteja maarufu na kumnyoa mtindo wa kondoo, mji mzima ukaupenda na yeye akawa kinyozi wa mastaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Mengine watayapata wenyewe. Kuna afisa wa kukamata wanyama, Trumper, mwenye nguo rasmi na hamaki. Sikuhitaji kumweleza, watoto walimpa jina la Mgambo dakika ileile. Na kondoo walipovaa nguo za watu na kukaa mgahawani wakila orodha ya vyakula badala ya chakula, sebule nzima ilijibwaga chini, Muscat na Lushoto pamoja.

Ukishamaliza hayo mawili, nyamaza. Nasema hivi kwa wazazi, na zaidi kwa wajomba, ambao wakiona picha haina maneno wanajiona wameitwa kuyaweka. "Ona, sasa anamtafuta! Ona, amekasirika!" Mtoto anaona. Kazi ya watengenezaji ilikuwa kumfanya Shaun aseme kwa macho na kope tu, maana hata mdomo wake hauonekani sana. Ukisimulia juu yake unawatoa tena wale wasiojua lugha yako.

Kuna mahali pa kukaa karibu na wadogo. Shaun anampata Mwenye Shamba saluni, na Mwenye Shamba hamtambui, anamfukuza. Filamu imeanza kwa kuonyesha picha za zamani za bwana huyo akiwa kijana na Bitzer na Shaun wakiwa vitoto, kwa hiyo pigo linaingia vizuri. Usiipitishe mbele. Mvute mtoto mapajani, yatapita. Banda la wanyama waliokamatwa nalo lina giza kidogo, na mwishoni Trumper anatisha kweli. Ikibidi kukatiza kwa sababu ya chakula au umeme wa LUKU kuisha, katiza mapema, nyumba ya magurudumu ikishafika mjini. Usikatize baada ya saluni, maana mdogo atalala na huzuni.

Filamu ya pili ya Shaun, ya mwaka 2019, ina kiumbe kutoka sayari nyingine anayeitwa Lu-La. Ni nzuri, ila mbio na mitambo ni mingi na mapenzi ni machache. Iwekeni siku nyingine.

Baada ya filamu nawaachia udongo. Waambie kwamba hakuna kilichochorwa pale: kila kondoo ni kikaragosi halisi kilichosogezwa kidogo kwa mkono, kikapigwa picha, kikasogezwa tena, na sekunde moja ya sinema hupita picha 24. Ninyi anzeni na 12 kwa sekunde, inatosha kabisa. Udongo wa mfinyanzi unafaa ukiwa na unyevu kiasi, plastisini ni rahisi zaidi. Simu isimamishwe kwenye rundo la vitabu na isiguswe na mwingine zaidi ya mpiga picha mmoja. Funga dirisha utumie taa, kwa sababu wingu likipita picha zinabadilika rangi. Mmoja asogeze, mwingine apige, wa tatu aondoe mikono ya watazamaji. Watoto wa Muscat na wa Lushoto wanafanya hivyo kwa ishara mpaka saa ya kula bila kugombana sana. Na simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo kazi ya asubuhi nzima itatikiswa na shangazi anayepiga kuuliza kama kwenu umeme umerudi.