Taimulapsi yangu ya maghorofa inamemeta na magari yanaruka: nimekosea wapi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nazipenda mno zile video za taimulapsi, picha nyingi zilizounganishwa zikaenda mbio, za miji ya maghorofa, mawingu yanapita mbio, jua linazama, madirisha yanawaka moja baada ya jingine. Nikaona nijaribu na mimi. Nilipanda juu ya paa na kamera yangu na stendi ya miguu mitatu, nikaweka hali ya A (nachagua tundu la lenzi, kamera inajipangia shata), tundu f/11, ISO yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na rangi nikaziachia otomatiki. Kasi ya shata niliifunga isishuke chini ya 1/500 nisije nikapata picha za ukungu. Nilipiga picha 300, moja kila sekunde 10, nikafungasha jua lilipozama maana chengachenga (zile punje punje za picha za gizani) zilikuwa zimeanza. Kwa fremu 25 kwa sekunde nimepata video ya sekunde 12. Lakini inamemeta kama taa inayotaka kuungua, na magari yanaruka kama viroboto. Za wenzangu zinateleza kama maji. Nimekosea wapi?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Ahsante kwa kuniwekea tarakimu zote. Wengi huniandikia "haitoki vizuri" basi, nami nabaki kupiga ramli.

Tuanze na magari, maana hapo pana hesabu ambayo ukiifanya mara moja hutaisahau. Picha 300 zinazoachana sekunde 10 ni dakika 50. Kila picha, shata ilifunguka kwa 1/500 ya sekunde. Zidisha: katika dakika 50 ulizokaa juu ya paa, kamera yako ilifumbua jicho kwa jumla ya sekunde 0.6. Muda wote uliobaki ilikuwa imefumba. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 140 katika sekunde 10, kwa hiyo lililomo kwenye fremu moja mara nyingi halimo kabisa kwenye inayofuata. Unachokiona kinaruka ni gari jingine lililotokea mahali pengine, jicho linalazimika kuyaunganisha na linashindwa.

Ule ukungu uliouogopa ndio gundi ya kazi hii. Kwenye picha moja ya ukutani, gari lililoacha mchirizi huweza kuwa kosa. Kwenye taimulapsi mchirizi wa fremu hii unakaribia kugusa wa fremu ijayo, na hapo ndipo mwendo unapoteleza. Kipimo ninachoanzia mimi ni shata iwe wazi nusu ya muda kati ya picha na picha. Kwa jiji lenye barabara na mawingu ya kasi ya wastani, piga kila sekunde 4, na mwanga ukiruhusu shata ifike sekunde 2. Sekunde 2 zinazobaki zinatosha kamera kuandika faili kwenye kadi. Dakika zako 50 zitakupa picha 750, yaani sekunde 30 za video. Usishuke chini ya hapo kwa pupa ya kupata picha nyingi. Kamera ikichelewa kuandika itaruka zamu moja, na utaruka nayo.

Muda kati ya picha hutokana na kile unachokifuata. Mwaka 1901 huko New York kamera ilielekezwa kwenye jengo la Star Theatre likibomolewa, ikapiga fremu moja kila dakika nne, kutwa muda wa saa nane, kwa karibu mwezi mzima. Dakika nne zilifaa, kwa sababu shujaa wa pale alikuwa ukuta unaoshuka. Mawingu mazito yanayojikokota yanavumilia hata sekunde zako 10. Magari hayavumilii.

Utaniuliza: mchana jua likiwaka, shata ya sekunde 2 inawezekanaje? Bila filta nyeusi, kioo cha giza kinachokaa mbele ya lenzi, haiwezekani. Stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu; filta ya stopu 6 hupunguza mwanga mara 64, shata ya 1/125 inakuwa karibu nusu sekunde. Lakini nikuambie ukweli, kama barabara iko mbali na magari ni kama chawa kwenye picha, mimi siitumii. Naanza bila filta, magari ya mchana yaruke yatakavyo, hakuna anayeyatazama. Giza likiingia unairefusha shata, na taa za magari zinageuka michirizi wakati ule ule zinapoanza kuonekana. Filta ya kuskurubu ina balaa lake: lazima uitoe katikati ya kazi. Niliwahi kuing'ang'ania ikiwa imekwama, nikaitoa, na fremu zote zilizofuata zikawa zimeinama upande. Kama huna budi, tafuta ya sumaku.

Sasa kumemeta. Hapa una washukiwa watatu, na wote uliwaalika mwenyewe.

Wa kwanza ni otomatiki. Hali ya A hupima mwanga upya kila picha na kurekebisha kwa hatua, kwa kawaida theluthi ya stopu. Hatua hiyo ni karibu robo ya mwanga wote. Jicho linaiona mara moja. Wingu jeupe likipita, au bango la taa likibadili rangi, kipimo kinayumba. Wa pili ni rangi otomatiki, inayoamua fremu hii iwe ya manjano na ile ya samawati. Hao wawili dawa yao ni moja: hali ya M, ambapo unapanga kila kitu mwenyewe, ISO uiweke kwa mkono, na rangi uifunge kwenye alama ya jua.

Wa tatu ndiye anayewatesa hata wenye uzoefu. Ukichagua f/11, visu vilivyo ndani ya lenzi hujifunga kila picha na kufunguka tena, na havirudi mahali pale pale kwa usahihi kamili. Tundu likiwa dogo, kosa la unywele mmoja ni sehemu kubwa ya tundu lote. Kumthibitisha ni rahisi. Tafuta ukuta mweupe ulio kivulini, mchana wa anga lililotulia. Weka kila kitu M, piga picha 20 kwa f/11, kisha 20 kwa tundu kubwa kuliko yote la lenzi yako, shata ukiirekebisha mwanga ulingane. Zipitishe haraka haraka kwenye kompyuta. Za kwanza zikimemeta na za pili zikatulia, umemshika. Usilifanye jaribio hili chini ya taa za ndani: umeme wa hezi 50 huzifanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka itadaka kila mara sehemu tofauti ya mpepeso huo, kisha utailaumu lenzi bure.

Dawa ni kupiga na tundu likiwa wazi kabisa, tuseme f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Usihofu kina cha picha, yaani vya karibu na vya mbali kuonekana wazi pamoja. Maghorofa yote yako mbali, yatakuwa wazi kwa pamoja. Lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha kwa mkono ni nzuri zaidi, kwa sababu tundu lake ukiliweka limekaa.

Tatizo la M ni kwamba jua halikungoji. Kutoka dakika 40 kabla ya machweo hadi taa zimetawala, mwanga hupungua kwa zaidi ya mara elfu moja, yaani stopu 10 na zaidi. Kwa f/4 na ISO 100 nikianza na 1/1000, najua nina stopu 11 hadi kufika sekunde 2, ndipo nianze kupandisha ISO taratibu. Nakaa na kamera, naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, mlima wake ukisogea kushoto, yaani gizani, naongeza theluthi moja ya stopu, kwa kidole chepesi. Hatua hizo zitaonekana kama ngazi kwenye video. Programu kama LRTimelapse huzisawazisha vizuri, ila upige faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazibana. Na ukanda wa kamera uvue! Nimewahi kuuacha, upepo ukautwanga kwenye stendi saa nzima, hakuna fremu iliyopona.

Lililonisikitisha kwenye barua yako ni kufungasha jua lilipozama. Ulichokwenda kukitafuta kilikuwa ndiyo kwanza kinakuja. Jua likishazama, kivuli hupanda mnara ghorofa kwa ghorofa, na kilele ndicho cha mwisho kuzimika. Kwenye Burj Khalifa, mnara wa Dubai wenye mita 828, kilele huendelea kuliona jua kwa zaidi ya dakika 3 baada ya chini kulipoteza. Dakika 3 kwa picha moja kila sekunde 4 ni fremu 45, karibu sekunde 2 za kioo cha dhahabu kinachoyeyuka kuelekea juu. Halafu hufika dakika chache ambazo anga na madirisha yana mwanga sawa. Kabla yake madirisha ni meusi, baada yake anga ni jeusi. Karibu na Ikweta jua hushuka wima na dakika hizo hazicheleweshi: baada ya kuzama hufika digrii 6 chini ya upeo wa macho ndani ya dakika 21 au 22 tu. London mwezi Juni huchukua zaidi ya dakika 40. Kwa hiyo uliza kwanza uko wapi kabla hujapanga betri. Chengachenga zilizokufukuza zilitoka kwenye ile 1/500, ISO ilipanda kuifidia.

Picha 300 ulizonazo usizifute. Kumemeta kutapungua sana programu ikizisawazisha. Kama kamera yako ni ya megapikseli 24, kila picha ina upana wa pikseli 6000 na kimo 4000, na video ya 4K inahitaji 3840 kwa 2160 tu. Kata barabara yote ya chini, baki na minara na mawingu. Utapata sekunde zako 12 zilizotulia.