Ni Harry Rawson

Umeuliza admirali aliyeipiga Zanzibar kwa mizinga mwaka 1896 alikuwa nani, na aliishia wapi. Ni Harry Rawson, Mwingereza aliyeingia jeshi la majini 1857 akiwa na miaka 13 tu. Wengi wanamjua kwa vile vita vya dakika 38 hivi vya tarehe 27 Agosti, Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Lakini mwaka mmoja kabla, Rawson alikuwa keshaivamia ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, kiongozi wa uasi dhidi ya Waingereza, kule Mwele, bara ya Mombasa. Na 1897 akaongoza msafara wa kijeshi dhidi ya ufalme wa Benin (Nigeria ya leo), ile ambayo sanamu zake za shaba zilizoporwa zinagombaniwa hadi leo. Adhabu? Wapi! Alipewa ugavana wa New South Wales, Australia, 1902 hadi 1909. Akafia London 1910.