Anza na fremu na breki, injini ifuate

Ndugu, umeuliza kama katika pikapu yako ya Ford ya mwaka 1934 uanze kwa kufunga injini ya V8 (yenye silinda nane) iliyo kubwa zaidi au kwa kushughulikia breki. Nakushauri kwa dhati uanze na fremu, yaani chasi inayobeba gari, na breki, kwa sababu gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na breki zinazovutwa kwa fimbo za chuma, ambazo zikilegea huvuta gari upande, na Ford hawakuhamia breki za mafuta hadi magari ya mwaka 1939. Kuliongezea nguvu kabla ya kulipatia uwezo wa kusimama ni kumhatarisha kila aliye barabarani. Wajenzi wengi wa zamani walifunga breki za mafuta za Ford za miaka ya 1939 hadi 1948, na njia hiyo bado inamfaa anayetaka sura ya kale, ingawa mimi ningechagua breki za diski za mbele pamoja na masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) yenye njia mbili, ili njia moja ikivuja nyingine iendelee kufanya kazi.

Kabla ya hayo, vua bodi, safisha fremu hadi chuma kitupu kionekane, pima kimshazari kutoka kona hadi kona ili ujue kama imepinda, kisha chomelea nyufa na uiimarishe, kwa kuwa fremu za enzi hizo ni nyepesi na hujipinda zikibeba injini yenye nguvu. Umeme wa volti 6 ubadilishe uwe wa volti 12. Rangi iache mwisho kabisa.