Muda ni mchache: furaha inachaguliwaje hasa?

Ndugu uliyeuliza, umesema kazi inakumalizia wiki nzima, Jumapili ndiyo pekee unayopumua, na kila unayemlilia shida anakwambia "chagua furaha" bila kukueleza inachaguliwaje. Nakujibu kwa niliyoyaona kwetu.

Moyo hauamrishwi. Ukijiambia "sasa furahi", haukutii. Kilicho mikononi mwako ni saa zako: ziende wapi, uzitumie na nani. Hili nilifundishwa na baba alipougua na madaktari wakatuambia waziwazi kwamba hatakaa sana. Huzuni ilikuwepo, sikufichi, ila miezi ile ndiyo tuliyocheka kuliko miaka mingi ya nyuma. Baba alianza kupunguza mambo. Waliokuja ili tu waonekane wamekuja, aliwaomba radhi akapumzika. Ugomvi wa miaka na mdogo wake, uliotushinda sote kuusuluhisha, aliumaliza mwenyewe kwa simu. Redio ya habari akazima. Akabakiza watu wachache, karata, na visa vya ujana wake ambavyo hata mama alikuwa hajawahi kuvisikia. Hakuna aliyemshauri afanye hivyo.

Baadaye nikakutana na kazi za Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mtu akihisi muda wake umebaki mfupi, hupunguza kuhangaikia watu wapya na mipango ya mbali, akashikamana na wa karibu na yale yenye maana kwake. Wazee hufanya hivyo, na vijana wenye maradhi mazito pia. Kwa hiyo huhitaji kuzeeka wala kuugua ndipo uanze. Inatosha kukubali kwamba muda una mwisho, na wako pia.

Kuna na hili la kuwepo pale ulipo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwauliza watu kupitia simu zao, saa yoyote ile, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika karibu asilimia 47 ya majibu, mawazo yalikuwa kwingine, na hapo watu walikuwa na furaha pungufu. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwashinda waliotuliza akili kwenye walichokuwa wakifanya. Tangu niusome, jioni nikiwa na wanangu simu inalala chumba kingine. Wao ndio walioona tofauti kwanza.

Nisieleweke vibaya: simwambii aliyefiwa, wala asiyejua watoto watakula nini, kwamba atabasamu. Na kiza kikikukalia wiki kwa wiki, usingizi na hamu ya kula vikapotea, muone mtaalamu wa afya. Hapo ratiba pekee haitoshi.

Kwa hali yako, anza na Jumapili hiyohiyo. Usiongeze kitu, ondoa kwanza kimoja unachokifanya kwa kuogopa lawama tu. Nafasi itakayobaki mpe mtu ambaye ukisikia kesho hayupo utajuta kutomtembelea. Mpigie leo mkubaliane saa kabisa, maana ukisubiri Jumapili ifike, uchovu utakuamulia.