Hajaanguka muda mrefu? Hapo ndipo dawa inapotakiwa kulindwa

Kijana mwenye kifafa akikaa miezi bila kuanguka, maneno huanza nyumbani: kapona huyu, vidonge vya nini tena? Mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Morogoro, alikatiziwa dawa kwa maneno hayohayo akiwa likizo kijijini. Siku chache tu akaanguka, na kabla fahamu hazijamrudia akaanguka tena. Hali hiyo inaua, na kukatiza dawa ghafla ni sababu yake kubwa mojawapo.

Dawa za kifafa si kama dozi ya malaria, ukimaliza umemaliza. Zinatuliza umeme wa ubongo kwa muda ule zinapokuwa mwilini. Wapo wanaoachishwa, mara nyingi baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, lakini daktari ndiye anayepunguza, tena kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba inayowafaa.

Tiba inayowafaa, nasisitiza. Mdogo wangu alianza na fenobabitoni. Ni dawa ya bei nafuu na imesaidia wengi, lakini kwa watoto na vijana inaweza kuleta ukali na kutotulia. Yeye akawa anagombana na kila mtu, darasani hashiki kitu, na majirani wakasema jini limebadilika sura. (Hukuhuku mkoani kwetu, Mahenge, kifafa ni kingi kuliko kawaida, na watafiti wamekihusisha na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni. Jini halimo.) Tulirekodi kwa simu anavyoanguka: mkono wa kushoto unaanza kucheza peke yake, kichwa kinageukia upande uleule, ndipo mwili mzima unafuata. Daktari alipoiona video akamhamishia taratibu kwenye kabamazepini. Dawa hiyohiyo inaweza kumzidishia mtoto ambaye kifafa chake ni cha kukodoa macho na kuduwaa sekunde chache, kwa hiyo vidonge vya jirani haviazimwi. Na binti akiandikiwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, muulize daktari mapema habari ya ujauzito, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akianguka, mlaze ubavu, legeza kola, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Kijiko mdomoni hapana, kitunguu puani hapana. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, tafuta usafiri wa hospitali. Mate yake hayaambukizi, wala ushuzi wake. Mwambieni hivyo mwalimu na wanafunzi wenzake kabla hajaanguka shuleni, kwa sababu wengi hukimbia na kumwacha chini kwa hofu hiyo.

Lililobaki ni moyo wake. Kijana aliyeanguka mstarini mbele ya shule nzima hubeba aibu nzito, na sonona huwapata sana wenye kifafa. Ukimwona hali chakula vizuri, hataki kutoka, ameacha hata mpira, mkae wawili tu umuulize wazi kama amewahi kuwaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, vidonge vyote vikae kwako, na usingoje tarehe ya kliniki: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.