Fremu ya zamani ya inchi 27 na tairi za misumari

Umeuliza kama tairi za misumari, zile za kushika barafu, zitaingia kwenye fremu yako ya zamani ya baiskeli. Zitaingia ndugu, ila siyo kwa rimu za inchi 27 ulizoikuta nazo. Weka za 700C, kipimo kinachotumika sana kwenye baiskeli za kisasa. Pale tairi inapokaa, rimu ya 27 ina kipenyo cha milimita 630 na ya 700C ni 622, kwa hiyo unapata nafasi ya milimita 4 kuzunguka gurudumu lote, na tairi za misumari za kipimo hicho ni rahisi zaidi kupatikana. Cha kuangalia ni breki: mipira yake sharti ishuke milimita hizo 4. Ikigota mwisho wa tundu inamofungwa kwenye mkono wa breki, tafuta breki zenye mikono mirefu.

Nimefanya hivyo hapa Minneapolis, Marekani, kwa fremu ya chuma niliyoiokota jalalani. Tairi za milimita 35 zilipita, lakini madigadi ya nyuma niliitoa, maana theluji ilijaa kati yake na tairi ikaganda mpaka gurudumu likagoma. Pima upana wa nafasi ya tairi kwenye fremu, ndani kwa ndani, pale nyuma ya pedeli. Ikiwa chini ya milimita 45 usijisumbue kuweka tairi hizo.

Kabla ya kufunga chochote, igeuze fremu, mimina mafuta ndani ya mabomba yake, iache ilale hivyo usiku mzima. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huila kuanzia ndani. Na kama ni alumini, usiipanue nyuma kwa nguvu ili habu (kitovu cha gurudumu) ya kisasa, iliyo pana zaidi, iingie. Chuma kinakubali, alumini hupasuka.